Mstari Nyuma ya Yusta

Mwanjelwa, Mbeya
16 Juni 2024

Dada Yusta,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya nyumba yangu yote, natangaza rasmi kwamba ndoo yako ya nyanya imewasili Mbeya siku ya Alhamisi, saa kumi na nusu jioni. Ndani yake tumekuta nyanya sitini na mbili zilizo hai na tatu zilizofariki njiani, maeneo ya Makambako kwa makisio yangu. Mazishi yamefanyika ndani ya sufuria, watu wachache tu wakihudhuria. Asukile, konda wa basi, anaapa kwamba hakuikalia ndoo. Suruali yake ilikuwa na doa jekundu nyuma.

Kamwene, dada yangu. Sisi tupo. Goti la wifi yako Bupe limemwachia kidogo tangu mvua zikatike, na anakusalimu kwa Kinyakyusa kirefu ambacho nimeshindwa kukiandika. Baridi ya mwezi huu haina adabu. Asubuhi pale sokoni cherehani inagoma mpaka niipake mafuta, na mimi mwenyewe ningepakwa kama pangekuwa na mtu wa kunipaka.

Bupe ananicheka nikiandika barua wakati simu iko mfukoni. Nimemweleza tena habari za Mama, aliyejifunza kusoma akiwa tayari na watoto wanne, katika darasa la watu wazima pale kigangoni, na tangu siku hiyo akakataza jambo la maana kusemwa kwa mdomo tu. "Andika," alikuwa anasema. "Mdomo una mate, yanafuta." Basi naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Shangazi Bertha amepiga simu kutoka Kihesa anasema umechukua fomu ya uenyekiti wa kijiji. Nikamwambia labda ni fomu ya kikoba. Akasema hapana, ya kijiji, kile kiti cha Rabson Kalinga. Kisha akaniuliza: "Sasa mwanamke akikaa mbele, nyuma nani atapika?" Nikamkumbusha kwamba wewe ni mjane, watoto wako wameondoka, unampikia paka. Akasema paka naye ana haki.

Ni kweli? Maana mimi niliposikia jina la Rabson nilirudi moja kwa moja mwaka 1983, uwanja wa shule, umande kwenye miguu mitupu, Mwalimu Amos akitupanga mistari tumchague kiranja mkuu. Wewe darasa la saba, mimi la tano. Ukashindwa na huyohuyo Rabson kwa kura moja. Kura moja, Dada! Wanangu wameichoka hadithi hiyo, maana huwa siwaachi wale pilau ya Krismasi kabla sijaisimulia: wewe mbele umenyooka kama mti wa bendera, na mimi mwisho kabisa wa mstari wako, natetemeka.

Nijibu.

Mdogo wako,
Crispin


Ilula
2 Julai 2024

Mdogo wangu Crispin,

Ndoo imerudi na mchele wa Kyela ndani, ahsante. Mwambie Bupe harufu yake ilitangulia kushuka kwenye basi kabla ya Asukile. Mimi sijambo. Vitunguu vimekubali, nyanya zimekataa, paka amezaa. Kaburi la Mama nimelipalilia. Lile ua ulilopanda Pasaka mbuzi wa jirani wamelila, ila mzizi upo.

Shangazi amekuambia kweli.

Unakumbuka bonde la chemchemi, tulipokuwa tunateka maji na wewe ukipiga mbizi kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe? Rabson anataka likatwe viwanja. Nimelijua kwa sababu mihtasari ya kijiji nimekuwa nikiandika mimi miaka tisa sasa. Yeye huweka sahihi. Siku alipoleta habari ya viwanja akaniambia, "Andika kwamba wananchi wameridhia." Nikauliza wananchi gani. Akasema, "Wewe andika, Yusta, mwandiko wako mzuri." Kesho yake nikaenda kuchukua fomu.

Wanaume wamenipokea vizuri sana. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo linalonichosha. Wananiita mama. Wananishika mkono kwa mikono miwili. "Tunakuheshimu mama, ndiyo maana tumekuwekea nafasi viti maalum. Kule hakuna kelele." Nikamuuliza Mzee Philbert, mwenyekiti wetu wa tawi la chama, kule viti maalum nitaamua nini. Akafikiri. Akasema, "Utakuwepo."

Nilipokataa, ndipo mambo mengine yakakumbukwa. Kwamba niliolewa Mufindi, kwa hiyo kwetu hapa ni mgeni. Mufindi nilikoolewa waliniita mgeni kutoka Ilula miaka ishirini na mbili, hata siku tunamzika mume wangu. Kwamba ninakaa kwenye shamba la Baba, na mrithi wa Baba ni wewe. Mzee Philbert akatoa uamuzi mbele ya kamati: "Mtoto wa kike hakalii kiti cha kijiji ukoo wake ukiwa kimya. Alete barua ya ridhaa ya kaka yake."

Nikasema sina kaka, nina mdogo niliyembeba mgongoni akanikojolea mpaka kanga ya Mama ikabadilika rangi.

Akasema, "Huyohuyo."

Rabson hakuulizwa barua ya mtu yeyote.

Kikao ni tarehe 28 Septemba. Barua isipofika, jina langu linahamishwa viti maalum bila kuniuliza, wameshasema. Andika mistari mitatu tu, Crispin. Mpe Asukile.

Dada yako,
Yusta


Mwanjelwa, Mbeya
25 Agosti 2024

Dada Yusta,

Najua umesubiri. Umeme umekuwa ukienda na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli, halafu kukaingia sare za shule, halafu Bupe na goti lake tena. Shangazi Bertha naye amebadilika. Sasa anasema ukishinda atakuja kukaa kwako mwezi mzima. Sijui kama hiyo ni ahadi au tishio.

Hapa kwenye meza yangu siasa inashonwa kila siku. Elimu yangu unaijua, darasa la saba na magazeti ya kufungia maandazi, lakini mtu akikaa mahali pamoja miaka ishirini na nane akipima watu viuno, anajifunza kitu. Mtaa wa pili kuna mama naye anagombea. Wateja wangu hawajui ana sera gani ila wanajua gauni lake lilikuwa la rangi gani siku ya mkutano na liliishia wapi. "Amejipamba, anatafuta nini?" Wiki iliyofuata akaja na kitenge kilichopauka. "Hata kujipenda hajipendi, ataupenda mtaa?" Mpinzani wake ana suruali moja, naijua, nimeibadilisha zipu mara tatu. Haijawahi kujadiliwa.

Kwa hiyo nimefikiri kuhusu wewe. Nimekushonea gauni, liko ndani ya ndoo, limefungwa kwenye gazeti. Kitenge cha bluu, kirefu cha kuwanyamazisha akina mama, si kirefu cha kuwachekesha vijana. Lina mifuko miwili mikubwa. Mafundi wengine hawawawekei wanawake mifuko, sijui wanadhani mnabeba vitu wapi.

Kuhusu barua, tutafakari. Hivi viti maalum vina ubaya gani kwa kuanzia? Unakaa, unasikiliza, wanakuzoea, baada ya miaka mitano unaomba kikubwa. Wewe si mtu wa kuzomewa, Dada. Mimi sitaki kusikia unazomewa. Na Rabson si mtu mbaya, ni mtu aliyekaa muda mrefu tu. Hata mwili wake umekubali kiti, mgongoni ameongezeka inchi mbili nzima.

Unakumbuka Mama alivyokuwa anatupima kwa kamba ya katani kila Krismasi, anafunga fundo kwenye urefu wa kila mtoto? Ile kamba ninayo. Fundo lako liko juu ya langu mpaka mwaka 1985.

Mdogo wako,
Crispin


Ilula
8 Septemba 2024

Crispin,

Hatujambo. Paka wanne, mmoja amekufa.

Gauni limenikaa vizuri. Mifuko nimeipenda. Nimeingiza mkono wa kushoto, nikaingiza wa kulia, nikageuza ndani nje. Nikafungua na gazeti, nikalisoma lote. Kuna habari ya bei ya mahindi ya mwezi wa tano. Barua haikuwepo.

Unauliza viti maalum vina ubaya gani. Havina ubaya. Mama mwenzangu aliyepo kule sasa ni mwerevu kuliko mimi. Amekaa miaka mitano. Nimepitia mihtasari yangu yote kuona alisema nini, nikakuta jina lake limetajwa mara tisa, mara zote ni kwenye "waliohudhuria," na mara moja zaidi aliposhukuriwa kwa chai. Na mwandishi ni mimi, kwa hiyo nami nina dhambi. Sasa mimi nikienda kukaa pale, Rabson anagawa bonde, na muhtasari unasema Yusta alihudhuria.

Kuzomewa nimeshazomewa. Juzi pale barabarani, nauza nyanya kwa abiria, kijana mmoja wa bodaboda ananiita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti, nimenyee moja!" Wenzake wakacheka. Nikamwambia nyanya ninauza, kumenyewa aende kwa mama yake. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Sikufa.

Sasa swali moja, na hili unijibu. Wewe mara ya mwisho kufika huku ilikuwa Pasaka. Rabson alikuwa amelazwa Iringa, hukumwona. Umejuaje kwamba mgongoni ameongezeka inchi mbili?

Zimebaki siku ishirini.

Yusta


Mwanjelwa, Mbeya
30 Septemba 2024

Dada Yusta,

Nimefika salama. Bupe amenipokea kwa kuniuliza kwa nini nimeondoka kwako juzi jioni ileile bila hata kulala, na mimi nimemwambia cherehani. Wewe sikukuambia chochote. Ulinifungia nyanya, ukanisindikiza mpaka barabarani, ukasimama pale mpaka basi likapinda. Nilikuangalia kwa kioo cha nyuma.

Kikaoni ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa nyuma kwenye benchi la mabegi, kwa hiyo acha nikuambie palivyoonekana kutoka mbele. Nilifika nimeshika bahasha. Sijajiandikisha kwenu, si mwanachama wa tawi, kijijini sijakaa tangu 1988. Nikapewa kiti chenye mikono. Nikaletewa soda baridi na mtu wa kuifungua. Mgombea ni wewe, na hukuletewa hata maji. Nikainywa, Dada. Nilikuwa na kiu na aibu kwa pamoja.

Mzee Philbert akasimama: "Kijana, ukoo unasemaje?" Kijana wa miaka hamsini na tatu. Nilikuwa nimepanga kutoa bahasha na kukaa. Lakini nikamwona Rabson kwenye kiti cha pili, amevaa koti lake la kijivu, anatikisa kichwa kunipa moyo kama mtu anayemsaidia mwenzake kupita mlangoni. Ndipo mdomo ukafunguka wenyewe.

"Barua ninayo, Mzee. Ila kwa utaratibu, naomba kwanza isomwe ile ya dada yake Kalinga."

"Dada yake Kalinga? Ya nini?"

"Ya ridhaa. Naye si ana ukoo?"

Wakaanza kucheka, nikadhani wananicheka mimi. Kumbe Lusia mwenyewe, dada yake, alikuwa mlangoni na beseni lake la maandazi. Ulimsikia. "Mimi sijaandika! Na siandiki! Mwaka wa pili huyu hata kunisalimia hanisalimii, leo nimpe kijiji?" Mzee Philbert akagonga meza, "Mama, wewe si mjumbe!" Naye, "Hata huyu fundi si mjumbe, mbona ana soda?"

Sijawahi kusikia wazee wakicheka vile tangu zamani zile za pombe ya kuvunia. Mzee Philbert akachukua bahasha yangu, akaiangalia mbele, akaiangalia nyuma, akasema kwa kuwa mwenye ukoo amefika kwa miguu yake, jina la Yusta lipite likapigiwe kura na wanachama.

Sasa swali lako la inchi mbili.

Rabson alikuja Mwanjelwa katikati ya Julai. Alileta koti hilohilo, la harusi yake, nilipanue mgongoni kwa ajili ya kampeni. Tukanywa chai. Tukakumbuka dimbwi la ng'ombe, na ndege tuliokuwa tunatega, na jinsi alivyonitoa siku nilipokwama kwenye tope. Kisha akasema, "Crispin, usiandike haraka. Dada yako tumeshamwekea pake." Nikasema, "Sawa, lete koti." Sawa yangu ilikuwa ya koti, lakini yeye aliondoka nayo yote. Nami nikamwacha aondoke nayo. Ndiyo maana sikuandika miezi miwili, si umeme. Koti analovaa kushindana nawe, mshono wa mgongoni ni wangu.

Na lingine, ambalo ni kubwa. Mwaka 1983 sikusimama nyuma yako. Wavulana walisema atakayesimama nyuma ya msichana atavaa sketi wiki nzima. Kaptula yangu ilikuwa imetatuka makalioni, tayari ilishaanza kufanana na sketi, nikaogopa zaidi ya wengine. Nyie wagombea mlikuwa mmetugeuzia mgongo, mnatazama ofisi, nikajua huoni. Nikaenda kwa Rabson. Na ukashindwa kwa kura moja. Kura hiyo ni mimi. Nimeshona nguo za watu miaka ishirini na nane, na hakuna siku nimepita shule yenye watoto wamepanga mstari nisitafute pa kuangalia. Krismasi zote zile nilizosimulia nilikuwa nasimulia uongo kwenye pilau yako mwenyewe.

Ndani ya bahasha niliandika hivi: "Mimi Crispin nilifundishwa kuandika na dada yangu Yusta, kwa kijiti, kwenye vumbi la jikoni, kabla sijaanza shule. Sina la kumruhusu." Walau isomwe siku ya kura.

Sikuweza kusema haya mbele yako. Mama alisema tuandike.

Mdogo wako,
Crispin


Ilula
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Crispin,

Kamwene. Mvua za kwanza zimeonja, hazijanyesha. Shangazi Bertha amekuja siku tatu badala ya mwezi, ameondoka na mtoto wa paka. Bupe mpe pole ya goti, na mwambie dawa nimeifunga kwenye kile kitambaa chekundu ndani ya ndoo, asiichemshe.

Kura zilipigwa Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kwa karatasi. Nilivaa gauni lako. Akina mama walilishika kitambaa, vijana walinyamaza, na mzee mmoja akaniuliza mifuko ile ni ya nini. Nikamwambia ya mikono. Rabson alivaa koti. Limemkaa vizuri, siwezi kusema uongo, mshono wako haukuachia.

Rabson amepata mia moja na kumi na mbili. Mimi mia moja na nane.

Waliponipa mkono walisema, "Umejitahidi sana mama, kwa mwanamke." Mmoja akasema nimshukuru sana kaka yangu, maana bila yeye zisingefika. Jioni Mzee Philbert akaja mwenyewe nyumbani na fomu ya viti maalum, imeshajazwa jina langu, imebaki sahihi. Nikamkaribisha chai. Nikampa fomu yake arudi nayo, na juu ya fomu nikaweka madaftari ya mihtasari ya kijiji, yote tisa, ya miaka tisa. Nikasema mwandishi amechoka. Akauliza sasa nani ataandika. Nikamwambia mwenyekiti amesoma, tulimaliza naye darasa la saba.

Alhamisi Rabson ameandika muhtasari wa kwanza. Nimeuona, una mistari miwili, na wa pili ni tarehe. Mkutano wa viwanja umesogezwa mpaka apatikane wa kuandika, kwa sababu wilayani hawapokei bonde bila maandishi. Lusia anasema yeye anajua kuandika, ila haandiki. Jana nilikwenda kuteka maji kule chemchemi bila shida ya maji, nilitaka tu kulitazama dimbwi. Limepungua, au sisi tulikuwa wadogo.

Barua yako ya bahasha haikusomwa. Mzee Philbert hakuwa na miwani siku ile, na siku ya kura aliisahau kwenye koti jingine. Nilimwomba anirudishie. Ninayo, iko kwenye mfuko wa kulia.

Kuhusu koti, umefanya kazi yako. Ungemshonea vibaya ningekuonea haya.

Kuhusu mstari. Crispin, ofisi ya Mwalimu Amos ilikuwa na dirisha la kioo, moja tu shule nzima. Alitugeuza tutazame ofisi ili tusione. Mimi nilikuwa natazama kioo. Niliwaona wote. Wewe ulikuwa wa saba nyuma ya Rabson, umeshika kaptula kwa nyuma kwa mikono miwili. Jioni yake niliishona ukiwa umeivaa, ukawa unalia kwamba sindano inakuchoma, nami nikakwambia tulia. Ilikuwa inakuchoma kwa sababu nilikuwa nakuchoma. Baada ya hapo sikuwa na deni nawe.

Krismasi ya kwanza uliposimulia kwamba ulikuwa mwisho wa mstari wangu, nilikuwa na mwiko mkononi, nilitaka kusema. Nikakuangalia unavyosimulia, nikaona ulitamani ungekuwepo. Nikakuacha uwepo.

Ila sijui hiyo kura moja uliitoa wapi. Mwalimu Amos hakutaja hesabu. Alisema tu Rabson ameshinda, na Yusta atakuwa kiranja wa usafi wa wasichana. Hesabu niliifanya mimi kwenye kioo, mara mbili. Nyuma yake walikuwa tisini na wanane, nyuma yangu themanini na mmoja. Nilishindwa kwa kumi na saba. Ungekuja kwangu, ningeshindwa kwa kumi na tano.

Dada yako,
Yusta